Mtoto wa mwaka mmoja si wa bure: jinsi ya kupanga pesa za matembezi ya familia

Likizo ya Agosti au Desemba ikikaribia, nyumba nyingi hapa Machakos huanza kupiga hesabu ya matembezi. Kuna wanaotaka kwenda tu People's Park, pale karibu na bwawa la Maruba, warudi jioni. Kuna wanaotaka kupeleka watoto Nairobi kwenye bustani ya michezo ya Two Rivers. Na kuna waliokuwa wakiweka akiba kidogo kidogo tangu Januari ili wapande treni wakaone bahari.

Katika hesabu hizo zote, kuna mtu mmoja ambaye huandikiwa sifuri. Ni yule mdogo wa mwaka mmoja. Nauli, sifuri, kwa sababu anapakatwa. Getini, sifuri, kwa sababu bado ni mdogo. Chakula, sifuri, kwa sababu atakula kwenye sahani ya mama.

Sifuri hiyo ndiyo tunataka tuizungumzie leo. Mtu mzima akikosa nauli anaweza kungoja atumiwe. Mtandao ukipotea, anakaa chini mpaka urudi. Akihisi njaa, anavumilia hadi nyumbani. Mtoto wa mwaka mmoja hangoji. Akiwa na njaa ni sasa, akiwa na usingizi ni sasa, na joto la mwili likipanda, hospitali ni sasa. Kwa hivyo pesa za safari yenye mtoto kama huyo lazima zipangwe ili zipatikane papo hapo, hata kama simu imezima. Hebu tuone zinapangwaje.

Bure, lakini bila kiti

Tuanze na nauli. Kwenye treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, mtoto aliye chini ya miaka 3 husafiri bila kulipa, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Mnamo Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilipanda kutoka KSh 1,000 hadi KSh 1,500. Tuchukue familia ya baba, mama, mtoto wa miaka 6 na mtoto wa mwaka mmoja. Kwa nauli hiyo, wazazi wawili ni KSh 3,000, wa miaka 6 ni KSh 750, yule mdogo hakuna kitu. Kwenda ni KSh 3,750, kwenda na kurudi ni KSh 7,500. Kabla ya kukata tiketi, thibitisha nauli ya siku yako, kwa sababu bei hubadilika.

Hesabu ni nzuri, lakini angalia kilicho ndani yake. Anayesafiri bure hana kiti. Atakaa mapajani kwa saa tano au zaidi, na mapaja hayo ni yako. Matatu nayo ni vivyo hivyo. Mtoto anayepakatwa halipi, lakini ukiwa na begi la nepi, thamosi ya uji na mtoto aliyelala kifuani, mwendo wa Machakos hadi Nairobi, kilomita kama sitini na kitu, unaweza kuonekana kama wa siku nzima ukikwama kwenye jamu ya Mlolongo. Ndiyo maana wazazi wengine huamua kulipia kiti kimoja cha ziada. Hiyo si pesa ya kutupa. Iandike kwenye bajeti mapema, halafu ukifika steji uamue kulingana na hali. Ukikuta gari lina nafasi, pesa hiyo inabaki.

Getini pia, bure ina masharti yake. Bustani nyingi hazimtozi mtoto mdogo, lakini umri unaohesabiwa kuwa mdogo hutofautiana kati ya sehemu na sehemu. Piga simu siku moja kabla uulize mambo matatu: mtoto wa mwaka mmoja analipa? Chakula cha mtoto kutoka nyumbani kinaruhusiwa kuingia? Mnapokea malipo kwa njia gani? Swali la pili ndilo linalookoa pesa nyingi zaidi, kwa sababu mahali pengine chakula cha nje hakiruhusiwi, ingawa ukieleza kwamba ni uji wa mtoto wengi hukubali.

Wazazi wawili, mchezaji mmoja

Mtoto wa mwaka mmoja ana urefu wa takriban sentimita 75. Michezo mingi ya mashine kwenye bustani kubwa huweka kipimo cha urefu mlangoni, na yeye hatakifikia. Kwa hivyo wakati mwingi mzazi mmoja atakuwa chini na yeye, na mwingine atakuwa na yule mkubwa kwenye bembea au gari la umeme. Yaani hata mkiwa watu wazima wawili, kwa upande wa michezo mmelipa kama mmoja.

Hilo lina maana kubwa kwa mfuko wako. Usikimbilie tiketi ya siku nzima kwa kila mtu ati kwa sababu ina punguzo. Nunua mchezo mmoja mmoja. Mahali ambapo hutumia kadi ya kuchajiwa, weka kiasi kidogo kwanza, kisha ongeza kikiisha. Uliza pia kama salio linalobaki kwenye kadi hurudishwa, kwa sababu mtoto akianza kulia saa nane mchana, mnaondoka, na pesa iliyobaki kwenye kadi inaweza kubaki pale pale.

Na ujue mchezo wake yeye ni gani. Mtoto wa mwaka mmoja hufurahia nyasi, maji, wanyama na watu. People's Park, iliyo hapa hapa nyumbani, ina nafasi ya kutosha ya kutambaa na kujaribu hatua za kwanza, na hakuna haja ya kulipa mashine yoyote. Pia ni mahali pazuri pa mazoezi. Kabla ya kwenda mbali, mpeleke hapo asubuhi moja. Utajua anatumia nepi ngapi, analala saa ngapi, na wewe mwenyewe unatumia pesa gani bila kutarajia. Hesabu ya siku hiyo ndiyo itakayokuongoza kwa safari kubwa.

Kwa wanaofika Mombasa, Haller Park pale Bamburi inamfaa mtoto mdogo kuliko mteremko wowote wa maji. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, pakapandwa miti kuanzia 1971, na leo kuna twiga na makobe wakubwa. Hapo ndipo alipoletwa kiboko Owen, aliyeachwa yatima baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee. Yule wa miaka 6 atapenda hadithi hiyo, na mdogo atapenda kobe.

Tukizungumzia maji, jambo moja halina mjadala. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana, na hazami kwa kelele. Akiwa karibu na bwawa la kuogelea, bwawa la Maruba au bahari, awe umbali wa mkono wako mmoja. Kama unahitaji kulipa kitu kwa simu wakati huo, mpe mwenzako mtoto kwanza.

Lipa njia ya kurudi kabla ya njia ya kwenda

Ukichukua neno moja tu kutoka makala hii, chukua hili. Pesa ya kurudi nyumbani ndiyo ya kwanza kutengwa, na haiguswi.

Sababu ni saa. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kulala kati ya saa 11 na 14 kwa siku, ukihesabu na usingizi wa mchana. Kufikia saa kumi jioni atakuwa amechoka, na wewe pia. Wakati huo huo ndipo foleni za steji huwa ndefu na nauli hupanda, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Kutoka Two Rivers, iliyo upande wa barabara ya Limuru, hadi upate gari la Machakos utavuka jiji lote. Kwa hivyo panga kutoka kwenye bustani saa tisa, si saa kumi na moja.

Kwa mfano, tuseme mmetenga KSh 10,000 kwa siku moja ya Nairobi. Zigawe hivi:

- KSh 3,000 za kurudi na za dharura. Hizi zikae kwenye laini ya mmoja wenu ambaye hatalipia kitu kingine siku hiyo.
- KSh 5,500 za kwenda, getini, michezo na chakula. Hizi zikae kwenye laini ya yule mwingine. Zikiisha, siku imeisha.
- KSh 1,500 pesa taslimu, noti ndogo ndogo za 50, 100 na 200, kwenye begi la mtoto.

Viwango vyako vinaweza kuwa tofauti, na hiyo ni sawa. Kinachotakiwa ni mafungu matatu yaliyo mahali patatu. Simu moja ikipotea, ikizima au laini ikikosa mtandao, hamjakwama.

Kwa wanaosafiri na treni, kata tiketi ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda. Unaweza kukata kwa kupiga *639#. Desemba tiketi huisha haraka, hasa za kurudi mwanzoni mwa Januari, wakati kila mtu anawahi shule. Treni ya asubuhi, inayotoka Nairobi saa mbili, husimama vituo vya katikati, kikiwemo cha Athi River, kwa hivyo mtu wa Machakos hana lazima ya kuanzia kituo kikuu cha Syokimau. Treni ya usiku inavutia kwa sababu mtoto atalala, lakini inafika Mombasa kungali giza, na kituo cha Miritini kiko mbali na hoteli za Nyali na Bamburi. Weka bajeti ya gari la kukutoa hapo.

Simu moja, kazi tatu

Siku ya matembezi simu yako ni pochi. Pia ni kamera. Na mtoto akianza kusumbua kwenye gari, inakuwa televisheni ya katuni. Hapo ndipo shida huanza. Kufikia alasiri chaji imeisha, bando limeisha, na pesa zote ziko ndani ya simu isiyowaka.

Fanya mambo haya usiku wa kuamkia safari:

Amueni simu ya katuni na picha ni ipi, na simu ya pesa ni ipi. Ile ya pesa isiguswe na mtoto kabisa. Simu ya kawaida ya vibonyezo inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu chaji yake hudumu, na menyu ya pesa hufanya kazi bila intaneti.

Pakua katuni mapema kwa simu ile nyingine ili usile bando njiani.

Weka nambari ya siri ya kufungua skrini, na iwe tofauti na PIN ya pesa. Vidole vya mtoto wa mwaka mmoja hubonyeza kila kitu. PIN ikiingizwa vibaya mara kadhaa mfululizo, akaunti hufungwa, na kuifungua ni lazima uwasiliane na huduma kwa wateja. Si kazi unayotaka kufanya getini na mtoto mgongoni.

Nunua kredo ya kutosha. Watu wengi wana pesa kwenye akaunti lakini hawana kredo ya kupiga simu moja.

Kabla hujabonyeza PIN

Kwenye bustani utalipa mara nyingi kwa haraka, mkono mmoja ukiwa na mtoto. Haraka hiyo ndiyo huleta makosa. Kumbuka tofauti hii: ukilipa kwa Till unaweka nambari ya Till na kiasi tu. Ukilipa kwa Paybill unaweka pia nambari ya akaunti, na ukiikosea, pesa inafika kwa kampuni lakini haijulikani ni ya nani. Kwa kawaida mnunuzi hatozwi ada akilipa kwa Till. Kwa Paybill, ada hutegemea mpango ambao mwenye biashara amechagua. Kutoa pesa kwa wakala kila mara ili ulipe taslimu hukatwa ada ya kutoa, kwa hivyo toa mara moja tu, kabla ya kuondoka.

Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Kama bango la getini linasema jina la bustani na simu inaonyesha jina la mtu binafsi, simama uulize ofisini. Hifadhi za KWS, kama Nairobi Safari Walk, hazipokei pesa taslimu getini. Huduma za serikali kuu hulipiwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikuambia "mfumo uko chini, tuma kwa nambari yangu nikusaidie", usitume.

Ukituma kimakosa, chukua hatua dakika hiyo hiyo. Omba muamala urudishwe kupitia menyu au huduma kwa wateja. Pesa ikishatolewa na aliyepokea, kuirudisha huwa vigumu.

Wapiga picha na wauza baluni nao, patana bei kabla mtoto hajashika. Akishashika baluni, wewe ndiye huna nguvu ya kupatana.

Amana ya nyumba ya Mombasa

Familia yenye mtoto mdogo hupenda kukodi nyumba yenye jiko badala ya chumba cha hoteli, ili uji upikwe na nguo zifuliwe. Wazo ni zuri, na walaghai wanalijua. Hupachika picha nzuri mtandaoni, wakataja bei ya chini, kisha wakakuambia kuna mteja mwingine anaitaka, kwa hivyo tuma amana sasa hivi.

Usitume kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine. Omba mpigiane simu ya video akuonyeshe nyumba ndani na nje. Ukiwa na jamaa au rafiki Pwani, mwombe apite aangalie. Tumia nambari ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi inapowezekana, lipa amana ndogo, na hifadhi ujumbe wa uthibitisho wa malipo. Fikiria saa kumi usiku pale Miritini, mtoto amelala begani, na nyumba uliyolipia haipo. Hasara hapo ni zaidi ya amana.

Fungu la dharura

Pesa ya dharura ina kazi maalum. Mtoto akihara au akitapika, anahitaji chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti inayouzwa kwenye duka la dawa, na kuonwa na daktari asipoacha. Beba pakiti mbili kutoka nyumbani, ni rahisi. Endelea kumnyonyesha kama bado ananyonya. Njugu, bisi na peremende ngumu asipewe, kwa sababu humkwama kooni. Na kwa wanaotoka milima ya Machakos kwenda Pwani, kumbuka kule kuna malaria. Chandarua kibebwe, na joto lolote la mwili baada ya safari lipimwe hospitalini.

Beba kijitabu cha mama na mtoto chenye rekodi ya chanjo, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hakikisha mtoto ameorodheshwa chini yako kwenye SHA, ukitumia *147#. Hifadhi kwenye simu zote mbili nambari 112 na 999 za dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116, ambayo ni ya bure, ya kusaidia watoto. Ziandike pia kwa karatasi.

Na kama mkipiga hesabu mkaona haitoshi, kuna njia ya heshima. Mwacheni mdogo kwa susu wake kule Kathiani au Mwala siku hiyo moja, mtumieni susu pesa ya maziwa na ya kutoa, kisha mpelekeni yule mkubwa. Wa mwaka mmoja hatakumbuka bembea. Atapelekwa mwaka ujao akiwa na miguu yake.

Lakini kama mnaenda naye, mwandikieni mstari wake kwenye bajeti: kiti cha ziada, nepi, maziwa, gari la kuondoka mapema, na dawa. Usiku wa kuamkia safari, kabla ya kulala, angalieni salio la ile laini ya kurudi. Likiwa sawa, chajini simu zote mbili mlale. Safari njema.